Tufani Si ya Kumalizia Hadithi

Ukisoma hadithi kumi za vijana wa rika langu, katika saba utalowa. Binti kaachwa na mchumba, radi. Tajiri kamdhulumu mjane, radi na upepo. Mwandishi kafika ukurasa wa arobaini hajui amfanye nini mhusika wake mbaya, basi hapo inaletwa tufani kamili, mwembe unamwangukia jamaa, hadithi imekwisha. Mimi naziita hadithi za radi. Nimezisoma nyingi, kwa sababu kikundi chetu hapa Msata kina utaratibu wa kubadilishana madaftari kila mwisho wa mwezi, na daftari likinifikia naanza na kurasa mbili za mwisho. Nikikuta wingu zito najua yaliyobaki.

Ndugu msomaji, sichukii mvua. Ninachouliza ni hiki: hivi sisi wa mwambao na majirani zake tunaijua tufani, au tumeiokota kwenye filamu? Maana tunayo ya kwetu, ya kweli, ina mwaka na tarehe. Jumatatu tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na mrima ulio mkabala nayo. Mikarafuu na minazi ya Unguja ililala chini. Kwa mikarafuu wengi hutaja theluthi mbili, wengine wanapanda zaidi ya hapo. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilivunjika au kutupwa ufukweni, na Sayyid Barghash, Sultani aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili kitini, akapoteza meli zake. Bagamoyo, misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyokuwa na umri wa miaka minne tu ilipata hasara kubwa ya majengo. Shuleni mimi nilipewa sentensi moja tu juu ya jambo hili, katika kipindi cha zao la karafuu, kisha ubao ukafutwa. Sentensi ile ina riwaya nzima ndani yake.

Kuna mwenzetu mmoja, fundi pikipiki mchana na mwandishi usiku, aliyeamua kuiandika riwaya hiyo. Ameshamaliza sura tatu. Alizipeleka Dar kwa bwana mmoja mwenye jina katika mambo ya vitabu. Bwana yule alifunua kurasa chache akamwambia, "Kijana wangu, wewe mtu wa Msata, bahari utaiandikaje? Andika mananasi." Mananasi yenyewe ni ya Kiwangwa, lakini tuyaache. Jamaa alirudi na basi la jioni, sura zake akazitia uvunguni. Nimemwomba nizihakiki hapa, kakubali kwa sharti nisimtaje jina. Kwa hiyo makala hii ina kazi mbili: kumjibu yule bwana, na kumwambia mwenzangu mambo ambayo bwana yule hakujisumbua kumwambia.

Sura ya kwanza ni nzuri, na simpaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Inafunguka bandarini Unguja siku chache kabla ya upepo. Kijana mtumwa anapeleka maji ya kunywa kwenye majahazi. Bandari imejaa mpaka anaweza kuvuka toka chombo hiki hadi kile bila kulowa miguu. Mwandishi anataja bagala, mashua na ngalawa, na hazichanganyi. Ila kaacha kutwambia kwa nini bandari imejaa, na hapo ndipo taharuki yake ilipokuwa imelala. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi huja na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, na hurudi na kusi, ambayo huanza kushika mwezi wa Aprili. Katikati ya Aprili, basi, manahodha wamo bandarini, wameshapakia au wanapakia, wanasubiri upepo ugeuke uwapeleke makwao. Hebu fikiria: watu chungu nzima wanatazama mbingu kila asubuhi wakiuomba upepo uje. Na ukaja. Mkasa wa namna hiyo hauhitaji radi hata moja.

Tena hawakuwa na sababu ya kuogopa. Kimbunga cha Bahari ya Hindi huzaliwa kwenye maji yenye joto, na huhitaji mzunguko wa dunia uusokote upepo; ukikaribia ikweta msokoto huo unapungua. Unguja iko kwenye nyuzi 6 kusini, karibu kabisa na mahali ambapo kimbunga hakiwezi tena kujishikilia. Watu wa Madagaska na Morisi wanavijua vimbunga kama sisi tunavyoijua masika. Nahodha mzee wa Unguja hakuwa na kumbukumbu ya kumwongoza. Mtu mwenye uzoefu wa miaka hamsini ambaye siku moja uzoefu wote unakuwa bure, huyo ni mhusika wa kutafutwa kwa tochi. Mwenzangu anaye! Kamweka kwenye usukani wa bagala, halafu kampa mistari sita.

Sura ya pili ndipo tunapogombana. Upepo unavuma kurasa nne. Nimehesabu simba watatu katika ukurasa mmoja, na wote ni upepo: unanguruma kama simba, unaruka kama simba, unakuwa simba mwenye njaa. Kisha mwenye shamba ananyanyua mjeledi ampige kijana wetu, na wakati mkono uko juu, mkarafuu unamwangukia. Nilipofika hapo niliweka daftari chini nikaenda kunywa chai.

Kwanza suala la fani. Kimbunga kina umbo lake, na umbo hilo tayari ni msuko wa hadithi. Upepo huanza upande mmoja na kuzidi kwa saa nyingi. Halafu, kama katikati yake inapita juu yenu, kunatulia. Hilo ndilo jicho. Watu wanatoka nje, wanaitana, wanahesabu watoto, mwingine anarudia ng'ombe, mwingine anafuata nguo zake zilizotupwa shambani. Wanamshukuru Mungu. Kisha upepo unarudi, safari hii kutoka upande wa pili, na nyumba iliyoegemezwa vizuri dhidi ya upepo wa kwanza haina kitu cha kuegemea, na mti uliolegezwa mizizi upande huu unasukumwa upande ule. Anayelijua jicho hahitaji simba. Angeweza kuandika kimya kile tu, kurasa nne za watu wanaodhani mambo yamekwisha, na msomaji angeshindwa kumeza mate.

Pili suala la maudhui, na hili ni zito zaidi. Mkarafuu ule umeanguka pale kwa sababu mwandishi anamchukia mwenye shamba. Mimi pia namchukia. Lakini mwenye shamba yuko ndani ya nyumba ya mawe. Kwenye kibanda cha miti na makuti, chini ya minazi, yuko mtumwa. Ukiniuliza nani ana nafasi kubwa ya kufa siku ile, sihitaji kufikiri. Tufani inayoua wabaya peke yao ni tamu kuiandika, lakini inawafuta waliokufa kweli. Atanijibu kwamba wazee husema msiba wa namna ile ni adhabu. Sawa, mhusika aseme. Watu waliotoka kwenye kipindupindu cha 1869 na 1870, wakamzika Sultani Majid mwaka huo huo wa 1870, halafu wakaletewa hili, wana haki ya kuuliza wamekosa nini. Ila mwandishi akilisema yeye mwenyewe, kwa sauti yake, amewahukumu maiti.

Sura ya tatu ni fupi na ni ya uongo. Asubuhi ya pili jua linachomoza, mwenye shamba amekufa, watumwa wanashikana mikono na kutembea kuelekea baharini wakiwa huru. Ndege wanalia. Mwenzangu, kimbunga hakikumwacha huru mtu. Hapa naomba radhi kwa wasiopenda hesabu kwenye makala ya fasihi, maana bila hesabu hii riwaya haina sura ya nne.

Kabla ya 1872 karafuu ilikuwa imelimwa kupita kiasi na bei yake ilikuwa imeshuka kwa miaka mingi. Wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa, mashamba yakiwa rehani kwa matajiri wa Kihindi. Mambo haya Abdul Sheriff ameyaeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu za Zanzibar, ambacho kinapatikana kwa Kiingereza na kwa kuazimana. Sasa upepo ukaangusha miti. Deni halikuanguka. Mkarafuu unaopandwa leo utakaa miaka sita au zaidi kabla ya kukupa kitu, na mwenye kukudai hasubiri miaka sita. Huo ni mgogoro, na humo ndani mwenye shamba ana njia moja tu ya kuponea: kumbana yule aliye chini yake, au kumuuza.

Wakati huo huo Pemba iliguswa kidogo tu. Karafuu ikaadimika, bei ikapanda, na mwenye ardhi Pemba akaamka asubuhi amekuwa tajiri bila kufanya lolote. Watu wakakimbilia kupanda kule, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka Pemba. Lakini karafuu haijichumi, inataka mikono, na inaitaka yote kwa wakati mmoja. Mikono hiyo ilitolewa wapi? Hapo ndipo inapoingia Juni 1873. Mwingereza Bartle Frere alikuja Unguja mwanzoni mwa mwaka ule kumtaka Barghash afunge biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alikataa, na moja ya hoja zake ilikuwa kimbunga: nchi imefilisika, mashamba yamelala, mnanitaka niikate na mikono? Ilibidi atishiwe kuzingirwa na manowari ndipo akatia sahihi, tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Kufikia Krismasi ya mwaka ule jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana lilikuwa limeshawekwa pale pale sokoni.

Unaona, ndugu yangu fundi? Tufani ile ile imetumika kama hoja ya kuendeleza utumwa. Na baada ya mkataba, magendo ya watu kwenda Pemba hayakukoma, maana bei ya karafuu ilikuwa inayaita. Kijana wako wa sura ya kwanza, yule wa maji, hakutembea kuelekea uhuru. Inawezekana kabisa alipakiwa usiku kwenye mashua akapelekwa Pemba kuchuma.

Sasa nimjibu yule bwana wa mananasi. Bahari ilipofungwa, wafanyabiashara walihamia nchi kavu. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Kilwa ikawa inatembezwa kwa miguu kwenda kaskazini, nyuma ya miji ya pwani, kuelekea Pangani na mbele zaidi, ili wavushwe kwa siri kutoka huko. Iliendelea hivyo mpaka 1876, Barghash alipotoa marufuku ya misafara hiyo pia. Nyuma ya miji ya pwani, bwana mkubwa, ndiko huku. Wakwere, Wadoe na Wazigua wamekaa kwenye njia za watu hawa. Mtu wa Msata anayetaka kuiandika tufani ya 1872 hahitaji kujifanya nahodha. Anaweza kusimama kwenye ardhi ya babu zake akawatazama waliofungwa minyororo wakipita kwa sababu mti umeanguka kisiwani ambako hajawahi kufika. Hiyo ndiyo sura ya nne, na hakuna mtu Dar es Salaam mwenye haki kubwa ya kuiandika kuliko fundi pikipiki wa hapa njia panda.

Kuandika tufani kutoka bara si jambo geni, tena. Henry Morton Stanley alifanya hivyo. Aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei 1872 akitoka kumwona Livingstone, wiki tatu baada ya kimbunga. Hakukiona. Alichokiona njiani ni maji: mbuga ya Makata imefurika, na Simbamwene, mji wenye kuta karibu na Morogoro ya leo, umevunjwa kuta zake na mafuriko ya mto. Kitabu chake kilitoka mwaka ule ule. Kama mwandishi namvulia kofia kwa jambo moja: anatuonyesha maji kwa urefu wa kiuno cha mpagazi, si kwa simba. Kama msomaji wa Kikwere namkasirikia kwa mengine yote. Vijiji vilivyozolewa ni kikwazo cha safari yake, basi. Wenyewe hawana majina, na aya inayofuata yeye ameshasonga mbele na bunduki yake. Taarifa za John Kirk, aliyekuwa akikaimu kazi ya konseli wa Uingereza Unguja, zina ukame wa namna nyingine: meli, mali, hasara. Ofisa anaandika anachotakiwa kuandika, simlaumu. Na Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili tunayasoma mpaka leo, alikuwa ndani bara kabisa tangu 1870 hadi 1882. Kwa hiyo nafasi ipo wazi. Mtoto wa maji hajaandikwa bado.

Niseme kidogo juu ya maneno, maana hili linawahusu wote si mwenzangu peke yake. Tumelifanya neno dhoruba kuwa sufuria la kupikia kila kitu. Kiswahili kina tufani, kina kimbunga, kina gharika. Kina chamchela, ule upepo mdogo unaozunguka na vumbi uwanjani mchana, watoto wanaukimbilia na wazee wanaukwepa. Kina kusi na kaskazi, na kina maleleji, kile kipindi cha katikati ambapo upepo haujaamua. Kimbunga kile kilikuja wakati wa kugeuka kwa upepo. Mwenzangu kaandika "dhoruba" mara kumi na tisa na "maleleji" hata mara moja hakuna. Mzee yeyote wa pale forodhani Bagamoyo angempa neno hilo bure, kwa bei ya kahawa.

Kuna mtu ataniambia mambo ya 1872 yamepitwa, vijana wanataka ya leo. Haya. Aprili 1952, miaka themanini kamili baadaye, kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2021 tulitangaziwa Jobo, kikafa kabla ya kutua. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatutangazia Hidaya, na vijiweni watu wakafanya utani, kwa sababu Hidaya ni jina la dada zetu. Boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Kilifika Mafia tarehe 4 Mei, kikaishiwa nguvu, na Dar nzima ikaanza kurushiana vichekesho kwenye simu kwamba kimbunga kimeiogopa Bongo. Wakati vichekesho vinazunguka, barabara ya kusini ilikuwa imekatika kule Somanga, Kilwa, na mabasi yamekwama na abiria wake. Na mvua za El Nino za kabla ya hapo zilikuwa zimeshaua watu 155, kwa hesabu aliyoitoa Waziri Mkuu bungeni tarehe 25 Aprili.

Sijaona hadithi hata moja kikundini kwetu iliyokaa ndani ya basi moja la Somanga. Abiria wana maiti wa kuzika Mtwara, wana samaki wanaoharibika, wana usaili wa kazi kesho saa mbili, dereva ana simu ya tajiri inayoita kila dakika kumi, na maji mbele hayaonyeshi nia ya kushuka. Hakuna mhusika mbaya wa kuangushiwa mti. Vijana wetu waliona habari ile kwenye simu, wakaifuta, wakarudi kuandika juu ya tajiri na radi. Nadhani tunaogopa tukio ambalo halimpi mtu alichostahili. Tumezoea hadithi zinazolipa mishahara mwishoni: huyu kifo, huyu harusi.

Yule bwana wa Dar nimemjibu inavyotosha, na kama anasoma kijarida hiki anaweza kuleta jibu, mhariri atampa nafasi sawa na yangu. Kwa mwenzangu, ushauri wangu ni wa kalamu tu. Sura ya pili atoe simba wote, mwenye shamba abaki hai, na aliandike jicho. Nahodha mzee aongezewe mistari. Afe au asife, lakini kwanza ashangae. Sura ya tatu aichane. Sura ya nne aanzie Pemba au aanzie huku kwetu, achague, ila asitupeleke kote kwa ukurasa mmoja. Suala la meli ya Sultani, ile Glasgow aliyoletewa mwaka 1878 kuziba pengo la zilizozama na ambayo Waingereza waliizamisha mwaka 1896 katika vita isiyotimiza saa moja, linavutia sana, nalijua linamwasha mkono, lakini hilo ni riwaya nyingine.

Daftari nimeshamrudishia pale gereji, limejaa wino mwekundu, akalipokea kwa vidole viwili kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Sura ya kwanza peke yake nimebaki nayo. Nina binamu Bagamoyo anayefanya kazi ya ubaharia, nataka aipitie, maana kuna mahali nanga inateremshwa kwa mbele na mimi nina wasiwasi na kamba yake.